Mwenzangu Ana Watu

Fundi akitaka kuzungumza na binti yake husimamisha cherehani kwanza. Huegemeza simu kwenye kopo la vifungo, hukaa sawasawa kwenye kigoda chake, hukohoa kidogo, kisha huanza kuisemesha simu kana kwamba kuna mgeni ameketi pale mezani anasubiri chai. Muuza viatu wa kibanda cha pili na mtengeneza saa wa kibanda cha tatu walishamzoea. Akianza, hata wao hupunguza sauti, na si kwa heshima tu. Wanataka kusikia.

Binti huyo ni mtoto wake wa pekee. Alikwenda ng'ambo kufanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na saa za kule haziendani na za huku. Mmoja akiamka mwenzake ndiyo kwanza anavuta shuka. Kwa hiyo hutumiana ujumbe wa sauti. Wa binti ni mfupi, mtu anaongea huku anavaa viatu. Wa Fundi, usiombe.

"Mama, ujumbe wako mmoja natoka nao nyumbani, napanda nao basi, nafika nao kazini, na bado hujamaliza salamu," binti alimtania siku moja.

"Asiyekuwepo na lake halipo," Fundi akamjibu. "Mimi lako nakuwekea. Wewe sikiliza."

Na kweli alimwekea. Shangazi yako mwenye mguu mbaya kagombana tena na mwenye nyumba, safari hii kisa kamba ya kuanikia. Binamu yako kaposwa, mchumba ana meno mazuri, akili bado hatujaiona. Paka kazaa juu ya suruali za watu, mwenye suruali kaja juu, nimemwambia basi chukua na paka mmoja, kaondoka. Habari zote hizo binti alizipokea akicheka, lakini mwisho wake lilikuja swali lilelile.

"Na Mjomba je? Kuna lolote?"

Mjomba huyo hakuna aliyepata kumwona. Alikuja katika familia yao kupitia kinywa cha Bibi, yaani mama mzazi wa Fundi, alipokuwa anakata roho. Bibi alikaa nao miaka yote katika vyumba vyao viwili, ndiye aliyemlea mjukuu wakati Fundi yuko kwenye cherehani, lakini hakuwa mtu wa kusimulia. Ukimuuliza kwao wapi, atakujibu, "Kwetu ni hapa nilipokaa," na ukiendelea kumchimba anakutuma dukani. Watu wakadhani ana kiburi. Kumbe mtu ana kidonda, hataki kiguswe.

Kiharusi ndicho kilichomfungua. Ulimi ulikuwa mzito, upande mmoja wa mdomo umelala, na maneno yakawa yanatoka moja moja.

"Nina ndugu yangu," alisema. "Mdogo wangu. Nilimwacha kivukoni. Mwaka wa mafuriko."

Fundi akasogea. Hajawahi kusikia habari hiyo tangu azaliwe.

"Watu walikuwa wengi. Alikuwa na kiu. Nikamwambia kaa hapa, usiondoke, nakuletea maji. Niliporudi, wameshavushwa." Bibi akapumzika kidogo, kisha upande wa mdomo uliokuwa mzima ukajaribu kucheka. "Mtundu yule. Akipanda mpaka juu ya paa. Na mluzi! Hakuna aliyemweza kwa mluzi. Mtafuteni. Mwambieni nilirudi."

"Usilie, mama," Fundi akamwambia. "Tutamtafuta mjomba. Tutampata."

Bibi akatikisa kichwa. Akatikisa tena, akafumbua kinywa, sauti isitoke. Fundi akadhani amekata tamaa, akampangusa machozi, akamfunika vizuri. Bibi hakusema tena neno lolote mpaka alipokata roho.

Binti hakuja mazikoni. Si kwamba hakutaka. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado zinashughulikiwa, na angetoka tu asingeruhusiwa kurudi. Alilia kwenye simu mpaka ikabaki pumzi tupu. Kesho yake akatuma ujumbe, sauti imekauka.

"Mama, Bibi sikumzika. Aliyeniogesha mimi, wamemwogesha wengine, na mimi niko huku naogesha bibi za watu. Basi hili la Mjomba niachieni mimi. Hili nitalibeba."

Kuanzia hapo Mjomba akawa kazi ya binti, na Fundi akawa miguu yake. Binti akiwa na dakika tano za mapumziko anatuma maswali: muulize yule mzee wa kinu, kaulize kwa wale waliohamia kutoka ng'ambo ya mto, je, Bibi alikuwa na chale? Mara moja akaja na jambo jipya. Huko aliko, alisema, kuna watu unawatumia mate yako ndani ya kichupa, wanakwambia ukoo wako wote na ndugu zako walipo.

"Mate yangu?" Fundi akasema. "Mate yangu yajue nini nisichokijua mimi mwenye mate?"

Mtengeneza saa alicheka mpaka akadondosha skrubu. Suala la mate likaishia hapo, ila lilizaa lingine: tangazo redioni. Redio ya mji ule huwa na kipindi cha Jumamosi asubuhi cha watu waliopotezana, na kila fundi na muuza duka hukisikiliza. Fundi akatunga tangazo lake kwa mdomo: anatafutwa ndugu yetu, aliyepotezana na dada yake kivukoni. Akamtumia binti alinyooshe, kwa kuwa binti ndiye aliyesoma.

Binti alilinyoosha kweli. "Mama, nimebadilisha kidogo," alisema. "Ukisema 'ndugu' peke yake utawachanganya watu, kila mtu ni ndugu. Nimeandika 'mwanamume mzee', iwe wazi. Umeonaje?"

"Wewe ndiye msomi, mwanangu. Ikiwa wazi ndiyo vizuri."

Majina hayakuwamo, maana la Mjomba Bibi hakulitaja, na la kwake la utotoni hakuna aliyelijua. Likawa linasomwa hivi: Anatafutwa mwanamume mzee, aliyepotezana na dada yake kivukoni mwaka wa mafuriko makubwa, wote wakiwa watoto. Utotoni alikuwa bingwa wa kupiga mluzi. Mwenye habari zake afike redioni. Binti akaomba lirekodiwe linavyosomwa, atumiwe. Alipolisikia akasema, "Limekaa vizuri, sivyo?" Fundi akamwambia limekaa vizuri sana.

Wakaja wazee, dunia haiishi vituko. Mmoja hakuweza mluzi hata kidogo, akaeleza kwamba mluzi uliondoka pamoja na meno. Mwingine aliuliza kwanza kama kuna urithi, alipoambiwa urithi ni cherehani moja na paka, akakumbuka kwamba mafuriko yale yeye alikuwa hajazaliwa. Fundi alimsimulia binti yote hayo kwa mbwembwe, binti akacheka, na mwisho wa kucheka akasema, "Mtafutaji hachoki, mama." Fundi akamalizia, "Na akichoka keshapata." Wakaendelea hivyo misimu na misimu.

Ikaja siku ya kawaida kabisa. Mvua imekatika, barabara ina matope, wateja wachache. Mwanamke mmoja akaingia na mfuko, msusi kwa kazi yake, vidole vyake bado vina mafuta ya nywele. Akatoa gauni la buluu lenye maua madogo meupe.

"Naomba unipunguzie kiunoni, fundi. Lilikuwa la marehemu mama yangu. Si mama aliyenizaa, aliyenilea. Sitaki likae kabatini linaliwa na mende."

Fundi akampa pole, akampima, akalitandika gauni mezani, akaanza kufumua mshono kwa ncha ya mkasi. Msusi akakaa kwenye benchi kungoja. Akatazama nje, akatazama kucha zake, na bila kufikiri akaanza kupiga mluzi chinichini. Sauti mbili ndefu, na ya tatu fupi, inakatika juu.

Mkono wa Fundi ukasimama.

Mluzi huo alikuwa anaujua kabla hajajua kusema. Ndio Bibi aliomwitia yeye dirishani giza likianza kuingia, akiwa mtoto anacheza nje, na baadaye ndio aliomwitia mjukuu wake. Hakupata kuusikia kwa mtu mwingine yeyote.

"Dada," akasema taratibu, "huo mluzi umeutoa wapi?"

"Aa, samahani, fundi. Mazoea. Ni wa mama. Tukipotezana naye sokoni alikuwa anatuita kwa huu."

"Na yeye alifundishwa na nani? Baba yako?"

"Baba gani?" Msusi akacheka. "Mama alikuwa bingwa mwenyewe. Wanaume wa mtaani walikuwa wanashindana naye, anawashinda. Anasema huu walikuwa wakiitana yeye na dada yake wakiwa wadogo. Walipotezana kwenye mafuriko. Dada yake alimwacha kivukoni, akaenda kutafuta maji, hakurudi."

Fundi akaweka mkasi chini.

Msusi hakuona, alikuwa ameshafika kwenye lake. "Tena kuna kisa. Redioni palikuwa na tangazo, sijui hata kama bado linasomwa, anatafutwa mwanamume wa mafuriko hayohayo. Mama likianza anatunyamazisha nyumba nzima. 'Nyamazeni, wanamtafuta mwenzangu.' Siku moja akavaa gauni hilihili, akatoka kwetu nyuma ya soko mpaka redioni kwa miguu. Akamwambia binti wa mapokezi, mimi nilipotezana na dada yangu kivukoni, na mluzi naujua, nikupigie? Yule wa mapokezi akamsomea kwenye karatasi. Akamwambia, bibi, hapa imeandikwa mwanamume. Mama akamwambia, soma tena, mwanangu. Akamsomea tena. Mwanamume mzee."

"Na jina lake hawakuandika? Alikoishi?"

"Wapi. Kuna foleni, nani ana muda. Akarudi nyumbani amechoka, akavua viatu, akacheka. Akasema dunia ilipoteza watoto wengi kivukoni pale. Akasema, 'Mwenzangu ana watu.' Basi likawa neno lake. Kila Jumamosi likishasomwa, anasema, 'Mwenzangu ana watu,' anainuka, anaendelea na kazi zake."

Mtu wa mapokezi kazi yake ni nini, kama si kupokea? Lakini tumlaumu yeye bure. Alisoma alichoandikiwa.

"Alifariki lini?" Fundi akauliza.

"Hizi mvua zilipokuwa zinaanza. Hata udongo haujashuka."

Ndipo Fundi alipomwambia. Akamwambia dada yule alirudi. Akamwambia dada yule ndiye mama yake yeye Fundi, na tangazo ni lao. Msusi alimkazia macho muda mrefu, kisha akalivuta lile gauni kutoka mezani, akalikumbatia, na wote wawili wakakaa pale, muuza viatu akichungulia na kurudi.

Jamani, lugha yetu. Ndugu ni ndugu. Mdogo wangu ni mdogo wangu, haikuulizi kama anavaa suruali au gauni. Bibi alisema kweli tupu, ila masikio ya waliokuwa wamemzunguka yakasikia mtundu, yakasikia paa, yakasikia mluzi, yakamvisha kaptura. Sasa Fundi akaelewa Bibi alikuwa anatikisia nini kichwa. Neno "mjomba" lilitoka kinywani mwake yeye mwenyewe, na mama yake alikufa anajaribu kulikataa.

Na kilichomuuma zaidi ni hiki. Mjomba ni mtu mzuri, lakini ni mjomba. Dada wa mama ni mama. Fundi alizika mama yake, akakaa akijiita yatima na mvi zake kichwani, kumbe ana mama mwingine nyuma ya soko, mama mdogo, anakaanga vitunguu na kusikiliza redio. Pengine waliwahi kupishana sokoni. Pengine walisukumana kwenye foleni ya maji.

Kesho yake walikwenda makaburini pamoja. Fundi akachuchumaa, akashika udongo, akasema kwa sauti, kama anavyosema na simu, "Mama mdogo, alirudi. Alikukuta hupo, lakini alirudi. Alinituma nikwambie." Halafu akalia kilio ambacho hakukilia hata alipomzika mama yake, maana siku ile alikuwa na wageni wa kuwahudumia. Msusi akamsubiri mpaka akamaliza.

Njiani ndipo lilipokuja la binti.

"Utamwambia?" Msusi akauliza.

"Nitamwambia amepatikana na amefariki."

"Na lile neno la redioni?"

Fundi akapangusa udongo mikononi. "Lile neno aliliandika yeye. Mimi nilisema ndugu, yeye akaweka mwanamume ili iwe wazi. Sasa mwanangu yuko kule, kwenye chumba chake peke yake, hana hata wa kumpa maji akilia. Nimtumie habari hiyo kwenye simu, aisikilize ndani ya basi, halafu ashuke akaogeshe bibi za watu? Hapana. Akirudi nitamwambia, nikiwa nimemshika mkono."

"Akirudi lini, dada?"

Fundi akakaza mwendo.

Asubuhi akasimamisha cherehani, akaegemeza simu kwenye kopo la vifungo. Akaanza na shangazi na kamba ya kuanikia, akaja kwa watoto wa paka, wamefumbua macho. Akakohoa.

"Mwanangu, yule ndugu wa bibi yako amepatikana. Kaa kwanza. Amefariki, tumechelewa kidogo. Lakini hakuishi mpweke. Alilea mtoto, sasa ni mtu mzima, ni msusi, mkarimu sana. Ukija utamwita mama mdogo. Walikuwa wanaishi hapahapa, nyuma ya soko. Mluzi hakuuacha mpaka mwisho. Alikuwa mcheshi, anapenda watu. Nimekwenda kaburini, nimeufikisha ujumbe wa Bibi. Usilie sana."

Alikuwa anajisikiliza huku akisema, anaupitia kila mshono. Hapakuwa na mjomba humo, wala mama mdogo wa Fundi mwenyewe, wala gauni. Lugha ileile iliyowapoteza ndiyo iliyomsitiri. Na kila neno lilikuwa la kweli, hilo alilihakikisha.

Jibu la binti lilifika mchana, Msusi akiwa amekuja kuulizia gauni lake. Fundi akaliweka wazi wasikie wote. Kwanza ilikuwa kwikwi tu.

"Maskini mjomba wangu. Maskini. Hapahapa nyuma ya soko, mama?" Akapenga kamasi. "Niambie kitu kimoja tu. Tangazo alilisikia?"

Msusi akamtazama Fundi. Fundi akabonyeza pa kurekodi.

"Alilisikia, mwanangu. Kila Jumamosi. Likianza alikuwa anawanyamazisha nyumba nzima."

Hili nalo lilikuwa la kweli. Wakasubiri. Kule ng'ambo binti hakuwa amelala, maana jibu lilirudi hata chai haijapoa, na sauti yake ilikuwa nyepesi, sauti ambayo Fundi hakuisikia tangu kabla ya msiba.

"Mungu ashukuriwe. Mama, hujui umenitua mzigo gani. Tangu Bibi afe najiona mtu bure, sikufika, sikushika hata udongo. Nilikuwa najiuliza hayo maneno niliyoyapanga kama yana faida yoyote. Unakumbuka tulivyoyapanga? Kumbe yalimfika. Basi alikufa anajua kwamba anatafutwa. Alijua ana watu. Sivyo, mama?"

Msusi akainamisha uso, akaanza kukunja na kukunjua ncha ya lile gauni la buluu. Muuza viatu alikuwa ameacha kugonga. Fundi alichukua simu kutoka kwenye kopo, akaisogeza karibu kabisa na mdomo, akaishikilia muda kidogo kabla ya kubonyeza.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Alijua ana watu."

Akautuma. Kisha akalivuta gauni kutoka mikononi mwa mdogo wake, akatafuta mahali alipoachia, akaendelea kufumua.